Asubuhi Tuliyomcheka Mwenzetu Bwawani

Kabla sijaanza kuchuma chai, kibarua changu cha kwanza kilikuwa kung'oa magugu kwenye bwawa la shamba, lile linalopeleka maji kiwandani. Mashua ilikuwa ya mabati na tulipanda watu watatu: nyapara, mimi, na jamaa mmoja kutoka Kisii aliyeandikwa wiki moja na mimi. Jaketi za kuelea zilikaa stoo. Nyapara alisema zinafanya watu wawe wavivu.

Mimi niliwekwa nyuma na kamba. Mtu akianguka, niliambiwa, usimwondolee macho, mrushie kamba papo hapo.

Asubuhi hiyo mwenzangu aliinama kuvuta rundo la magugu kwa reki, mashua ikayumba, akaingia majini na gambuti zake. Aliibuka hatua tano hivi kutoka kwetu, akipigapiga maji kwa viganja. Nikainua kamba.

"Ngoja," nyapara akasema. "Wacha anywe kidogo. Huyu anajifanya anajua kila kitu."

Nikangoja. Tena nilicheka. Nyapara alikuwa ananitazama kuona kama nitacheka, na kazi nilikuwa naitaka.

Mwenzangu alizama, akaibuka, akazama tena. Maji yalimfunika kidogo tu, macho yake wazi, yakiniangalia mimi. Alipoibuka mara ya tatu mikono ilikuwa imelegea. Hapo ndipo nyapara akaniambia nirushe. Kamba ilimwangukia begani, hakuishika. Tukamvuta kwa ndoano ndefu ya kuvutia magugu, nayo ikampasua shavu.

Alitapika maji muda mrefu. Nyapara alimuuliza reki iko wapi. Alipotikisa kichwa, akaambiwa aendelee na kazi vilevile, nguo zikitiririka, na baridi ya huku kila mtu anaijua. Akaendelea. Kifua kilimshika siku hiyo hiyo, na kabla mwezi haujaisha mahali pake palikuwa na mtu mwingine. Sikwenda kumwona.

Miaka ilipita, nikamkuta soko la Kaplong akiuza ndizi, kovu likiwa shavuni. Nilimsalimia, nikaanza kumweleza vile nyapara alivyonizuia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yule nilimjua," akasema. "Lakini wewe tulikuwa tunakula sahani moja."

Akamgeukia mama aliyekuwa anauliza bei ya mkungu. Nikaenda stendi kungoja gari la Bomet.