Mgeni wangu wa Finland aliyenyimwa kikapu cha chai

Wakuu, habari za humu ndani. Mimi huwa nasoma tu, naweka like, napita. Leo wacha niandike. Haya mambo yalitokea kwetu nyumbani na sina haja ya kuongeza chumvi, ni majina tu nimebadilisha.

Ni juu ya lile swali vijana huuliza kila wiki: "Nimesomea international education, kazi iko wapi?"

Mimi niko na hiyo digrii. Tena masters, ya ng'ambo, ya scholarship. Nikirudi Kericho, watu wa kanisa letu walidhani nimepitia nyumbani kubadilisha nguo tu halafu niende kuwa balozi.

Wueh. Nilikaa hapo nikikamua ng'ombe na masters yangu.

Class yetu tulitawanyika. Mmoja yuko kwa ubalozi Nairobi, anashughulikia mambo ya scholarship. Mwingine anafundisha Kiingereza huko Asia na hana mpango wa kurudi. Mwingine alifungua agrovet Siongiroi, anauza dawa ya kupe, na kati yetu sote ndiye alinunua gari kwanza. Nasema hivyo mjue hii digrii haina barabara moja.

Mimi nilipata kazi kwa kaofisi kadogo karibu na Kabianga. Tunaleta wanafunzi wa ualimu kutoka nje, tunawaweka kwa familia za wakulima, na mchana wanasaidia shule za msingi. Contract yangu ilikuwa ya majaribio. Wageni wa kwanza wasipofurahia, chuo chao hakileti wengine, na mimi narudi kwa ng'ombe.

Mama hakuwahi kuielewa hiyo kazi. Akiulizwa kanisani alikuwa anasema, "Cherono anafanya mambo ya nje," halafu anabadilisha story. Iliniuma, lakini ningemlaumu aje? Hata mimi nikijieleza mpaka koo ikauke, mtu bado ananiuliza kama naweza kumpelekea mtoto Canada.

Basi familia moja ikajiondoa dakika ya mwisho, ati nyumba yao haina tiles, mgeni atakanyaga wapi. Nikampeleka huyo msichana kwetu. Tumwite Aino, wa Finland.

Mama alijiandaa kama anapokea askofu. Jogoo akaenda. Vitambaa vya sofa vikafuliwa. Aino akawekwa sitting room na mkate, mayai na soda.

Akishika kikombe akioshe, mama anakichukua. Akisimama kwa mlango wa jikoni, anarudishwa kwa sofa. Akiomba kikapu aende na sisi kuchuna chai, mama anacheka, anamwambia apumzike.

(Kitu moja tu ndiyo ilimsumbua mama: Aino aliomba kahawa. Hapa Kericho! Mama alizunguka maduka akiitafuta kimya kimya, majirani wasijue.)

Mimi niliona mambo ni sawa. Nikamwambia bosi mgeni anatunzwa vizuri sana.

Wiki ya pili ikianza, Aino akaniita kando ya zizi, macho mekundu. Anataka kurudi kwao mapema. Nikamuuliza kama ni chakula, kama ni choo. Akatingisha kichwa.

"Mama yako hanitaki," akasema. "Kwetu mtu wa nyumba huosha kikombe chake. Hapa siruhusiwi kugusa kitu. Najua nimewachosha."

Wakuu, hebu fikirieni. Masters nzima juu ya watu wa mila tofauti, na shida yenyewe imekaa kwa sofa yetu wiki nzima na sijaiona.

Na upande wa mama niliujua. Kwetu mgeni hafanyi kazi. Ukimpa kazi, kesho kwa buying centre, pale tunapimia majani tukingoja lori, utasikia umegeuza mtoto wa watu kibarua. Mama ni mjane. Ametunza jina lake miaka hii yote na hakuna mtu amewahi kumwongelea vibaya. Sasa mimi nikamwombe alihatarishe?

Jioni nikamkuta anachemsha maziwa. Nikamwambia tu vile iko, kwamba msichana analia, anasema humtaki.

Maziwa ikafura, ikamwagika kwa moto, na mama yangu si mtu wa kuacha maziwa imwagike.

"Mimi?" akasema mwishowe. "Nimemchinjia jogoo."

Ilikuwa sauti ya mtu ameumizwa kweli. Nilienda kulala nikijua contract imeenda, na mama pia nimemuudhi.

Asubuhi ilikuwa siku ya kuchuna. Kutoka nje, nakuta Aino amevalishwa gumboots za marehemu baba, plastiki ya kuzuia umande kiunoni, kikapu mgongoni. Mama anamwonyesha majani mawili na chipukizi kwa Kipsigis, huyo anajibu kwa Kiingereza, na wanaelewana. Alichuna polepole ajabu, na mengi ya kwanza mama aliyatupa. Nilicheka mpaka mama akaniuliza kama sina kikapu changu.

Kwa buying centre, lile nililoogopa likafika. Jirani yetu Mama Kibet, mwenye mdomo, alimtazama Aino na matope yake, akauliza wote wasikie kama siku hizi wageni wanalipia chakula kwa kuchuna chai. Watu wakageuka.

Mama hakugeuka hata. Alikuwa anamwaga majani ya Aino juu ya yake.

"Mgeni alikuwa wiki jana," akasema. "Huyu ni wa nyumba."

Mama Kibet akaenda kupima majani yake. Halafu, kwa sababu ni Mama Kibet, akaniuliza pembeni kama ofisi yetu iko na mwingine, ati hata yeye ana chumba.

Aino alikaa mpaka mwisho. Alijifunza kukamua na kusonga ugali, na kahawa aliiacha mwenyewe. Chuo chao kikaleta wengine, na contract yangu siku hizi si ya majaribio. Familia mpya nikiitembelea, kitu cha kwanza nawaambia ni mgeni siku mbili, ya tatu mpe kikapu. Wahenga walisema jembe, lakini huku tunachuna chai.

Funzo langu ni hilo: vijana, kazi ya hii digrii inaweza kuwa kwa jiko ya mama yako, usiidharau.

Juzi baada ya ibada, mke wa pastor mgeni alimuuliza mama mimi hufanya kazi gani. Nikafungua mdomo nianze ile maelezo yangu ndefu. Mama akaniwahi.

"Anafundisha watu kukaa na watu," akasema, na hakubadilisha story.

Nimefurahi mpaka leo.

Haya, wenye hiyo digrii semeni mko wapi na mnafanya nini. Na wewe umeweka mgeni kwa sofa mpaka akalia, pia najua uko humu, toa ushuhuda.