Zamu Yangu ya Kuimba

Juzi wajukuu wangu walikaa sebuleni wakipokezana simu, kila mmoja akiwachezea wenzake wimbo anaoupenda: injili, rege, rumba. Nikakumbuka alasiri moja kule Embu, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakiwasaka Mau Mau.

Mama na wenzake walikuwa wametoka kuchimba handaki la kuzunguka kijiji, kazi ya lazima. Walipumzika uani kwa Mama Zena, mke wa mwenye bucha, palipojaa harufu ya ngozi mbichi na udi. Mama Zena aliweka santuri ya taarabu. Nyanya mmoja akaimba wimbo wa kupura mtama, mwingine ule wa densi ya gita. Homgadi, mgambo wa serikali aliyewalinda wasitoroke, aliegemea mlango, akitikisa mguu.

"Haya, na mtoto pia!" akasema.

Nikaimba wimbo wa kanisa, kwa maneno niliyomsikia mama akiimba jikoni, ya vijana wetu walio msituni. Nilidhani ndiyo ya kitabu cha nyimbo. Sikujua kwamba yalitosha kumpeleka mama kizuizini.

Mguu wa homgadi ukatulia.

"Wee! Sauti ya chura!" Mama Zena akacheka kwa nguvu, akaniziba mdomo kwa leso.

Homgadi alimtazama mama kwa muda mrefu. "Mama Muthoni, fundisha huyu mtoto ile ya kitabu. Jumapili nitasikiza."

Nililia njia nzima, nikiamini nimeimba vibaya. Mama alinibeba mgongoni, mkubwa vile nilivyokuwa, na hakunishusha hata tulipofika mlangoni.