Sponji la Kiti cha Baba Yake

Mimi ni fundi wa makochi. Shule niliishia darasa la saba, nikaenda kukaa kwa mjomba wangu, naye akanifundisha kuvua kiti nguo zake bila kuzirarua. Mwaka huu natimiza miaka thelathini na moja katika kazi hiyo. Karakana tumegawana watu wawili. Mlangoni yuko seremala tunayemwita Chaki, kwa sababu ya kipande cha chaki kisichobanduka sikioni mwake. Ndani niko mimi na vitambaa vyangu. Mgawo huo unanifaa. Chaki anapenda watu. Mimi mteja akinitazama usoni naanza kutafuta mkasi, kumbe ninao mkononi.

Mwaka jana dada mmoja alileta kiti cha mikono, kitambaa kimechanika mbele. Alisema nibadilishe kitambaa. Akasema pia kwamba hana mazoea ya kupokea simu, akaandika anwani yake ya barua pepe kwenye daftari letu. Nilimpigia picha vitambaa vitatu, Chaki akanionyesha namna ya kuzituma. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo: cha kijani. Chini yake palikuwa na mstari mdogo unaosema kwamba kila Ijumaa huandika barua, na anayetaka imfikie abonyeze hapo. Nikabonyeza, nikidhani ndiyo namna ya kuthibitisha rangi.

Ijumaa barua ikaja. Niliitafuta habari ya kitambaa mpaka mwisho nisiione. Ilikuwa habari ya yeye na dada yake walivyogombea pasi ya mama yao, wakanuniana wiki nzima, kisha wakapatana bila mtu kuomba msamaha, kwa kukunja mashuka pamoja. Niliisoma nimesimama, pini mdomoni. Nilipomaliza nikaanza upya.

Nilikuwa nikiamini kwamba kuandika ni kwa ajili ya mambo makubwa: magazeti, mahubiri, mitihani. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa kwake akaandika habari ya pasi, akaituma mwenyewe bila kumwomba mkubwa yeyote ruhusa, na mtu mwingine akaisoma akasahau kazi iliyo mkononi. Mwishoni aliwataja wenzake wanaoandika hivyo hivyo. Nikabonyeza na huko. Nikampata muuguzi wa zamu, nikampata baba wa makamo anayejifunza kuogelea, nikampata mjane anayewaeleza majirani zake kwa nguo wanazoanika. Jumanne ikawa ya muuguzi, Jumatano ya mwogeleaji. Mke wangu aliniuliza kama simu imeniotea mkononi. Nikamsomea ile ya mjane. Alicheka sana, kisha akatoka kwenda kuanua za kwetu.

Hivyo ndivyo nilivyoishi miezi minane, mpaka Ijumaa ile.

Barua ya yule dada ilihusu kiti. Alieleza kwamba baba yake alikikalia miaka ishirini akiegemea kushoto, upande wa redio, mpaka sponji likaingia shimo la umbo lake. Baba alipofariki, yeye alikuwa akiketi ndani ya shimo lile jioni, ikatosha. Halafu kitambaa kikachanika, akakipeleka kwa fundi. “Kilirudi kizuri kuliko kilivyopata kuwa,” aliandika. “Fundi aliweka sponji jipya bila kuombwa. Hana kosa, alifanya kazi nzuri. Ila tangu siku hiyo naketi kwenye kiti tu.”

Hilo la kutokuwa na kosa ndilo lililonichoma, kwa sababu kosa ninalo. Mjomba alinifundisha swali moja, la kuuliza kabla msumari wa kwanza haujang'olewa: hapa anakaa nani, na angependa nini kibaki? Nimewauliza wateja wote, hata wale wakali. Yeye sikumwuliza. Alikuwa ananitazama, nikaona haya, nikainama kwenye daftari. Na shimo nililiona. Nikajiambia sponji limechoka.

Sponji lenyewe sikulitupa, huwa hatutupi. Nilinyanyua macho kutoka kwenye simu, nikaliona. Lilikuwa juu ya kreti mlangoni, na juu yake alikuwa Chaki na kikombe chake cha chai, mahali alipokaa kila siku kwa miezi minane.

Nilikaa, nikainuka. Nilipima kitambaa cha mteja mwingine mara mbili na bado nikakikata upande. Nilitoka nje, nikarudi, nikasahau nilichofuata.

“Una nini leo?” Chaki akaniuliza. “Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga.”

Nikamwambia asimame.

“Nisimame kwa nini?”

“Umemkalia baba wa mtu.”

Nilimsomea barua yote. Alisikiliza huku amesimama, na tangu hapo hakukaa tena, chai akainywa kwa kuegemea mlango.

Sasa ilibidi niandike. Kwenda kwake moja kwa moja sikuweza. Ningefika mlangoni nikatafuta mkasi. Nilichukua karatasi za kukatia ruwaza, nikajaza tatu, nikazikunja, nikazitia mfukoni. Jumamosi yote na Jumapili yote zilikuwa humo, na kila nilipopita kwenye kiti nilikitazama pa kukalia. Nyumbani mke wangu akanitaka nitulie hata kwa muda wa kula. Nikamwambia sijui barua kama hiyo inaanzaje.

“Mwandikie kama unavyozungumza na mimi,” akasema.

“Na wewe sizungumzi.”

“Ndiyo hivyo. Iwe fupi.”

Jumatatu asubuhi nikatuma: Dada, mimi ndiye yule fundi. Nasoma barua zako. Nilipaswa kukuuliza, sikukuuliza. Sponji la zamani lipo, ila limekaliwa na mtu mwingine. Ukitaka nitalirudisha.

Siku hiyo na iliyofuata niliichungulia simu mpaka ikaishiwa chaji mchana. Barua ya muuguzi ilinipita. Jumatano jibu likaja: “Njoo kesho saa nne asubuhi. Sikujua unasoma.”

Nilikwenda na sponji limefungwa ndani ya shuka safi, Chaki ndiye aliyelitaka shuka. Chumba cha yule dada kilikuwa kidogo, dirisha moja, redio kwenye rafu, kiti cha kijani chini yake. Hakuniongelesha, nami nikashukuru. Nilipiga magoti, nikang'oa misumari ya chini mmoja mmoja, nikalitoa sponji langu jipya, nikaliingiza la zamani. Nilipofika kwenye kufunga nilisimamisha nyundo. Safari hii nikauliza.

“Angependa nini kibaki?”

Alifikiri. “Usikaze sana,” akasema.

Nikafunga bila kukaza. Akaketi, akajisogeza, akafumba macho. Mimi nilisimama na nyundo yangu nisijue pa kuiweka.

“Kushoto ni yeye,” akasema. “Kulia kuna mtu.”

Nikamweleza kwamba ni seremala tunayefanya naye kazi, ambaye huegemea kulia ili awaone wanaopita barabarani. Nikasema naweza kuongeza kipande upande huo, kipotee kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kupapasa mfuko wa vifaa.

“Ni mtu wa namna gani?”

“Anaongea sana.”

Hapo akacheka, macho bado kayafumba. “Baba angempenda. Mwache.”

Wakati natoka aliniuliza kama anaweza kuiandika habari hii. Uso ukaniwaka moto. Nikamwambia aandike, ila seremala asimsifu, maana hatutakaa naye karakanani.

Chaki sasa anakalia lile sponji jipya. Analalamika kila chai kwamba ni gumu kama benchi la hospitali, namwambia alikalie, miaka ishirini si mingi. Leo ni Ijumaa, na barua ya yule dada imefika saa tatu. Nimekiona kichwa chake tu. Nimekata kitambaa cha kochi zima tangu hapo, nimefagia mara mbili, na Chaki ameniambia kama siisomi nimpe yeye simu. Nimempa. Anasoma kwa sauti mlangoni, na mimi niko huku ndani nimesimama, pini mdomoni.