Jina la Pili la Folda

Mwanangu, usicheke nikikuita hivyo. Nimekupita miaka minne tu, lakini nimekosea ya kututosha sote wawili. Nina siku moja isiyonitoka kichwani, ya majuma yangu ya kwanza katika ofisi ya wapima ardhi hapa Kitengela. Swali moja lilikuwa limeninyima usingizi: nikitengeneza kiungo cha folda, yaani jina la pili la kuifikia, kisha nikikifuta, je, folda yenyewe haitafutika nacho?

Ramani zetu zilikaa kwenye diski kubwa ya kompyuta, lakini programu ya kuchora ilizitafuta kwenye folda yangu. Madam, mwenye ofisi, aliniambia niandike amri moja fupi ya kuunganisha hizo mbili kwa kiungo. Mimi na digrii yangu tukaona hatari kumi. Nikanakili ramani zote, nikajiona mwerevu. Lakini mshika mbili moja humponyoka: Madam akasahihisha ramani kwenye diski kubwa, nami nikachapisha ile yangu ya zamani.

Ilikuwa ya Mzee Lemayian, aliyepita ofisini kuichukua aende nayo kwa maafisa wa ardhi Kajiado asubuhi hiyo ili shamba ligawanywe kwa wanawe. Akaitandaza mezani, akaifuata mistari kwa kidole.

"Njia ya ng'ombe kwenda kisimani iko wapi?"

Haikuwepo. Wanawe wangezungusha ua kwa kufuata mistari yangu, na mifugo ikose maji.

"Basi zifundishe ng'ombe zangu kuruka," akasema. "Hizi hazijasoma."

Madam akacheka mpaka akavua miwani. Mimi nilitamani ardhi inimeze, nikaungama hofu yangu yote. Mzee akavuta kiti.

"Msichana wangu, shuleni niliandikwa Joseph. Nyumbani mimi ni Lemayian. Ukiita Joseph, nani anakuja?"

"Ni wewe, mzee."

"Kwani tuko wawili?"

"Hapana."

"Na mwalimu akifuta Joseph kwenye rejista, mtanizika?"

Hapo hata mimi nilicheka. Nikaipa nakala yangu jina lingine ili ikae kando, nikaandika:

ln -s /diski/ramani ~/ramani

Kwanza mahali folda halisi ilipo, kisha jina jipya. Halafu, mbele yao, nikakifuta kiungo kwa kuandika rm ~/ramani. Nikafungua diski kubwa: ramani zote zimetulia mahali pake. Nikakiunda kiungo upya, na programu ikaleta ramani ya Madam, njia ya ng'ombe ikiwa imenyooka hadi kisimani. Nikaichapisha.

"Sasa zitapita kama wabunge, hakuna wa kuzizuia," Mzee akasema, akaikunja, akaondoka akicheka peke yake.

Kabla ya chakula cha mchana nilizifuta nakala zangu, kila moja.

Kwa hivyo, mwanangu, jambo ukiliogopa, lijaribu kwa kitu kidogo ukiwa na anayelijua. Kuuliza si ujinga. Kitu kimoja kiache kiwe kimoja, ukipe majina ya kukifikia. Na unapofuta kiungo, andika rm na jina lake tu. Usiongeze -r wala alama ya mkwaju (/) mwishoni, maana hapo mchezo unabadilika: unaweza kufuta vilivyomo kwenye folda yenyewe. Mungu akupe kazi inayokupenda, na wakubwa wanaocheka kwanza ndipo wakukemee.