Ukungu wa Rogers

Mtu akitaka kumuudhi Mwajuma Luqmani asubuhi asubuhi, aingie kwenye kibanda chake pale Mji Mpya, aegemee kaunta na kusema kwamba magemu ya zamani ndiyo yalikuwa magemu. Ataambiwa atoke. Mwajuma ana miaka arobaini na mitatu, na ishirini kati ya hiyo ameimaliza akifungua pedi za gemu zilizokufa vitufe, akilehemu nyaya, akijaribu kila kazi kwa kuicheza mwenyewe kabla mteja hajaja kuichukua. Amecheza magemu mengi ya bunduki kuliko vijana wote wa Morogoro wanaojigamba, na anasema mengi ya hayo ya zamani yalikuwa takataka.

"Nusu saa unazunguka unatafuta ufunguo mwekundu," huwaambia. "Nani alifurahia? Tulikuwa tunatukana."

Kinachomchefua zaidi ni magemu mapya yanayojifanya ya zamani. Picha zimekatwakatwa vijiboksi makusudi, ukungu umejazwa kila kona. Zamani ukungu uliwekwa kwa sababu mashine haikuwa na nguvu ya kuchora mbali. Mtengenezaji alikuwa anaficha umaskini wake. Leo mtu ana kompyuta ya maana, halafu anajipaka umaskini kama poda. Akifika hapo Mwajuma huweka bisibisi chini, na aliyeko dukani anajua ataondoka kwa kuchelewa.

Lakini watu humsikiliza. Akisema gemu ni zuri, mabanda ya kuchezea gemu toka Kihonda mpaka Msamvu yanaliweka. Akisema ni bovu, halichezwi. Ndiyo maana Rogers alimletea la kwake.

Rogers ni kijana wa miaka ishirini na minne ambaye baba yake aliletwa mkoani na kazi ya kiwanda cha sukari. Alijifunza kutengeneza magemu mwenyewe, na hili aliliita Ukungu: mtu na bunduki yake anapanda milima ya Uluguru, mazimwi yanateremka. Mwajuma alilicheza dakika ishirini, akamrudishia kompyuta.

"Maadui wako mabubu," alimwambia. "Kitu kimoja ambacho yale ya zamani yalikipatia ni masikio. Kila adui alikuwa na sauti yake, unamjua kabla hujamwona. Na huo ukungu wako ni moshi wa jikoni. Panda Kinole, kule mlimani, ukauone ukungu. Mama yangu yuko huko, mwambie nimekutuma mimi."

Mwajuma mwenyewe ndiye aliyemtuma. Hilo ndilo lililomuuma wiki tatu baadaye.

Rogers alirudi Jumamosi mchana, amechangamka. "Shikamoo dada Mwaju. Sasa hivi cheza, halafu useme."

Mwajuma akavaa hedifoni. Steji ya kwanza ilimkolea. Bunduki ilikuwa na uzito, na chumba cha kuanzia kilimfundisha kucheza bila maandishi hata mstari mmoja. Steji ya pili ilikuwa njia nyembamba, korongo upande wa kushoto, na ukungu sasa ulikuwa ukungu kweli. Sauti ya mwanamke ikaita kutoka juu, ndefu: "Nashukaaa! Nani anapanda?" Zimwi likatokeza. Mwajuma akalipiga. Ikaita nyingine, akapiga. La tatu alilipiga hata kabla halijatokeza, akacheka peke yake kwa kuridhika, kwa sababu hivyo ndivyo gemu la bunduki linavyotakiwa kumfundisha mtu.

Sauti ya nne ilikuwa na kikohozi kidogo katikati. Mwajuma alikuwa ameshapiga; akaiacha pedi.

Kinole, asubuhi za ukungu, wanawake huteremka na mikungu ya ndizi kichwani kwenye njia isiyotosha watu wawili. Mwenye mzigo huita kabla hajaonekana. Anayepanda hujibu "Pita, mama," anajibana ukingoni, mzigo unapita. Mwajuma alikua akijibu hivyo. Hakuna mtu wa njia ile anayesikia wito huo akanyamaza, hata kama aligombana jana na mwenye kuita.

"Huyu ni mama yangu," alisema.

"Ndiyo, dada. Alinipokea vizuri sana, na ndizi akanipa. Sauti yake ndiyo bora kuliko zote. Vijana niliowaonyesha wanaipenda hiyo hiyo."

"Nimempiga risasi."

"Umepiga zimwi. Sauti ni sauti tu. Si wewe uliyesema adui awe na sauti yake?"

Hasira ilimpanda Mwajuma, na nusu yake ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe, ile mbaya isiyo na pa kwenda.

"Nilisema umpe adui sauti. Sikusema uchukue ya mtu anayeomba njia. Umekwenda kwa mama yangu, umekula ndizi zake, umerudi mjini kuwafundisha watoto wa watu kwamba anayeita kwenye ukungu apigwe kabla hajafika. Wale wa zamani walikuwa na umaskini wa mashine, tunawasamehe. Wako wewe ni umaskini wa nini?"

Rogers akaivuta kompyuta upande wake. Alisema gemu linatoka Jumatatu, ameshatangaza, na kuondoa sauti zile ni kuliua lote. "Halafu mama mwenyewe alikubali. Nilimwambia yeye na wenzake watasikika mjini."

"Ulimwambia watasikika wakifanywa nini?"

Mwajuma akachukua simu, akapiga, akaweka sauti kubwa na kuilaza kauntani katikati yao.

"Shikamoo mama. Niko na yule kijana niliyemtuma kwako. Ongea naye."

"Shikamoo mama," Rogers alisema, akainama kidogo kana kwamba anaonekana.

"Marahaba, mwanangu. Enhe, wametusikia huko?"

"Wamewasikia, mama."

"Na wanajibu nini?"

Rogers alimtazama Mwajuma. Mwajuma hakumsaidia kwa lolote. Rogers angeweza kudanganya, mama yule asingejua, hana mahali pa kuliona gemu hilo maisha yake yote. Neno moja tamu lingetosha, na Jumatatu ingefika salama.

"Wanapiga risasi, mama," alisema mwishowe. "Ni gemu la bunduki. Sauti yako nimeipa zimwi."

Kwenye simu wakasikia kuku wa Kinole, na mtu anayetwanga mbali.

"Mimi naita njia," mama akasema taratibu, "na wao wananipiga?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nitoe humo, mwanangu. Nitoe leo hii. Kesho nashuka na ndizi, na nitaita njia kama kawaida."