Kikapu cha Fedha na Bakuli Lake

Usiku ule nililala nimenuna, hata swala ya isha niliisali kwa kutimiza tu. Mwanangu Rukia, anayeolewa Alhamisi, alikuwa amenitolea neno: hatoki chumbani siku ya harusi mpaka mama yake mkubwa aje kumtoa. Mama yake mkubwa ni dada yangu Mwanaidi. Na mimi na Mwanaidi huu mwaka wa sita hatusemezani. Tuko mji mmoja, Tanga hii hii, tukikutana sokoni kila mtu anageukia nyanya zake.

Kisa chenyewe aibu kukisema. Bibi Zuhura, aliyetulea, alikuwa mpishi wa Wazungu wa shamba la mkonge. Walipoondoka walimwachia kikapu cha mezani, cha madini ya fedha, kilichotengenezwa Uingereza enzi za malkia wao wa zamani. Kina miguu minne na mkono wa kubebea, na ndani yake hukaa bakuli la kioo la rangi ya waridi, kingo zimekunjwakunjwa kama marinda ya gauni. Kila harusi kwetu, wageni walipewa visheti humo. Bibi alipofariki tulikigombea, mimi na dada, mpaka wakubwa wakachoka kutuamua. Mwanaidi akaondoka na kikapu, mimi nikabaki na bakuli. Kila mmoja akajiona kashinda!

Basi, usingizi ukanichukua. Mara niko jikoni kwa Bibi, ni mchana, jua linaingia dirishani, nimekalia mbuzi nakuna nazi. Wallahi nilisikia harufu ya iliki kabla sijamwona. Anaingia kajifunga kanga kifuani, mikono imejaa unga, mzima kabisa, na wala sishangai.

"Lete chombo," anasema. "Wageni wameshakaa."

Namletea bakuli langu. Nimelisugua mpaka linameremeta, nataka sifa. Bibi analiweka mezani, linalala ubavu, maana chini ni la mviringo, halina kitako. Anamimina visheti, vyote vinatawanyika sakafuni. Nainama kuokota, na nikiinua kichwa si jikoni tena. Ni ukumbini, wanawake wamejaa kwenye mikeka, wameacha kuimba, wananitazama. Mwanaidi amesimama mlangoni na kikapu cha fedha. Ni mdogo, wa miaka minane hivi, kasukwa mabutu, machozi yanamtoka. Bibi anamgeukia, anamimina visheti kwenye kikapu kile. Navyo vinapita kwenye matundu yake, vinaanguka chini kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

Hakuna anayekula. Rukia simwoni, mlango wa chumba chake umefungwa. Roho iliniuma, nikasema kama mtoto, "Bibi, yeye ndiye aliyeanza!"

Bibi hakukasirika, nusura acheke.

"Mimi nauliza wageni watakula nini, wewe waniambia nani kaanza."

Akanishika shavu kwa mkono wake wenye unga, nikausikia ulivyo na joto, joto lile lile la alipokuwa hai.

"Nenda wewe," akasema. "Mwenzio anaona haya."

Nikaamka nalia, lakini kifua chepesi, sijui nisemeje, kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani. Adhana ya alfajiri ilikuwa inamalizika. Nikakaa kitandani namfikiria dada yangu na hiyo haya yake, na mimi miaka yote nilidhani ni kiburi. Masikini Mwanaidi. Na mimi je, nilikuwa nangoja nini? Nangoja yeye aje anipigie magoti?

Niliposwali nililia tena kidogo, kisha nikalifunga bakuli ndani ya kanga mbili, nikaenda kumwamsha Rukia.

"Amka uvae. Tunakwenda kwa mama yako mkubwa."

Akafikicha macho. "Asubuhi yote hii? Kufanya nini, mama?"

"Kuomba radhi. Mimi ndiye ninayeomba. Wewe kazi yako ni kunishika mkono, nisije nikageuka njiani."