Ripoti Niliyomwandikia Mwalimu Wangu

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huru, kila kitu kilifunguliwa: sukari, pamba, redio, na vitabu pia. Wachapishaji binafsi wakaibuka Dar es Salaam, na mmoja wao akatangaza kwamba atatoa vitabu vipya vya kitaaluma, vya waandishi wa hapa hapa nchini. Mimi nilikuwa mhadhiri mchanga, nina shahada mbili na kiburi cha shahada kumi. Wakaniomba niwe msomaji wao. Wananiletea mswada, nauchambua, kisha naandika ripoti kwa Kiingereza kusema uchapwe au usichapwe. Jina la mwandishi wanalifuta, na la msomaji halitajwi. Utaratibu mzuri tu, kama msomaji mwenyewe ni mtu mzuri.

Mswada wa tatu ulihusu wafugaji wa Kisukuma wa kwetu Bariadi: jinsi walivyowaita ng'ombe kwa rangi na mabaka yao, njia walizopita kiangazi, masharti ya kuazimana ng'ombe wa maziwa. Ulipigwa taipu, na pembeni kulikuwa na masahihisho ya kalamu. Mwandiko ule niliutambua palepale. Ulikuwa wa mwalimu wangu wa darasa la nne, aliyenifundisha kuandika insha.

Nilipaswa kuurudisha, niseme huyu mtu namfahamu. Sikuurudisha. Pale chuoni wenzangu walikuwa na utani wao: nikifungua mdomo tu, wananiuliza kama ng'ombe hawajambo. Nacheka nao, huku moyoni nafuka moshi. Nikajiambia, hapa ndipo pa kuwaonyesha kwamba mimi sibebi watu wa kwetu. Nilisoma kurasa arobaini kati ya mia mbili, nikamshukia mzee wa watu. Hana mafunzo, nikaandika, hana nadharia, amekusanya porojo za wachungaji wasiojua kusoma akaziita elimu. Na ili nionekane najua, nikaongeza kwamba hata njia amekosea: ng'ombe wa Bariadi wakipelekwa Mwanhuzi walipitishwa Lagangabilili. Nikapeleka ripoti, nikaenda kunywa chai na maandazi kama mtu aliyefanya kazi ya maana. Mshenzi mimi.

Kiangazi hicho nikaenda likizo nyumbani. Mama alikuwa uani anachambua pamba, safi huku, fifi, ile iliyochafuka, kule, maana siku hizo wanunuzi walikuwa wengi na kila mmoja alikuja na masharti yake. Mara mwalimu akaingia anasukuma baiskeli, ana bahasha kubwa kwapani.

"Mwangaluka!" akatusalimu. Mama akampokea kwa heshima zote, nami nikampisha kiti, nikachukua kingine.

"Mwanangu, Mungu kakuleta," akaniambia. "Niliandika kitabu. Kimerudishwa na maelezo ya Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kufundishia watoto, hiki ni cha kwenu huko. Hebu nitafsirie."

Akanikabidhi ripoti yangu mwenyewe. Nikaiweka karatasi juu ya goti. Nikaanza kumpaka mafuta: anasema kazi ni nzuri, ila ingefaa kuongeza hiki na kile. Mwalimu akagonga karatasi kwa kidole.

"Wewe! Usinipunguzie. Darasani nilikufundisha kutafsiri hivyo? Soma neno kwa neno."

Nikasoma neno kwa neno. Nilipofika kwenye porojo za wachungaji wasiojua kusoma, mama aliacha kuchambua.

"Huyo mtu hana mama?" akauliza.

"Mwache," mwalimu akasema. "Kila mtu na kazi yake. Tena hapa kwenye njia kanisahihisha vizuri, ni kweli tulipita Lagangabilili. Hayo hakuyapata chuoni. Huyu amechunga." Alisema hivyo taratibu, bila kunitazama. "Ninachotaka kujua ni kimoja. Alisoma mpaka mwisho?"

"Nadhani alisoma," nikajibu.

"Basi aliwaona." Akatoa mswada kwenye bahasha, akaufungua kurasa za nyuma kabisa, akanipa. Palikuwa na orodha ya wazee waliompa habari zile, na kila mmoja kijiji chake na alichokisema. Wa kwanza alikuwa marehemu baba yangu. Majina yote ya rangi za ng'ombe yalitoka kinywani mwake.

Mama alipoona uso wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia.

"Baba yako yumo kitabuni? Wee! Nisomee!" Akaja mbio na pamba imemganda kwenye khanga. Nikamsomea maneno ya mumewe, mistari kama ishirini, naye akacheka, akasema ndivyo hasa alivyokuwa akisema, huyo ni yeye kabisa. Akaweka kiganja juu ya karatasi. "Kitatoka lini?"

Mwalimu aliniachia mimi nijibu.

"Hakitatoka, mama. Ndiyo hiyo barua tuliyoisoma. Kimekataliwa."

"Nani kamkataa baba yako?"

Ningeweza kusema hajulikani. Utaratibu ulinilinda, na mchapishaji asingenitaja hata kwa dawa. Lakini kiganja cha mama kilikuwa bado pale juu ya karatasi, neno likanitoka: "Mimi, mama. Ile ripoti niliiandika mimi."

Nilitegemea anitukane. Laiti angenitukana. Alijikung'uta pamba, akapiga magoti mbele ya mwalimu, mikono ameikutanisha.

"Mwalimu, nisamehe mimi niliyemzaa. Wabeja, asante kwa kuja. Mtoto huyu hakujua kama ni wewe. Angejua asingethubutu."

Mwalimu akanigeukia, na safari hii alinitazama machoni, akingoja. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nimekaa juu ya kiti, na mama yangu yuko chini kwenye vumbi anaomba radhi kwa ajili yangu.

"Kweli, mwalimu," nikasema. "Sikujua."